Feza ya Wote na Bei ya Yai



Kuna neno la Kifaransa ambalo watu wa ofisi wanalitumia kila siku, lakini sisi wengine tunalisikia kama jambo la mbali: marchés publics. Kwa lugha yetu tunaweza kusema masoko ya serikali. Si masoko kama lile la Kadutu huko Bukavu, au la Virunga huko Goma, ambako mama anapanga ndizi na nyanya zake chini. Ni manunuzi. Ni kila kitu ambacho serikali, jimbo, mji au sekta inakinunua kwa feza ya wote: dawa za hospitali, madawati ya watoto, barabara, daraja, kisima, hata kalamu na karatasi za ofisi. Anayeuza ni mfanyabiashara. Anayenunua ni mtumishi wa serikali. Na anayelipa hayuko pale. Anayelipa ni yule mama wa Kadutu aliyetoa kodi ya soko asubuhi, akapewa kipande cha karatasi, akarudi kwenye ndizi zake.

Hapo ndipo taabu yote inapoanza. Mtu anaponunua kwa feza yake mwenyewe ana macho makali. Anageuza nguo, anavuta uzi, anataja bei ya jirani, anajifanya anaondoka. Lakini akinunua kwa feza ya mwingine, na mwingine huyo haonekani, jicho linalegea. Na kama muuzaji anamwambia kwa sauti ndogo, «Andika mia, nitakurudishia ishirini,» jicho linafumba kabisa. Katika inchi yetu jambo hili lina jina; watu wanaliita retour, maana yake marudisho. Tusilichanganye na matabishi, zile franka chache anazopewa mchukuzi wa mizigo. Hii ni bei iliyopandishwa tangu mwanzo kwa kusudi, ili kipande chake kipate kurudi nyuma kwa mlango wa jikoni.

Siku hizi tunasikia habari mpya. Wanasema manunuzi yote yatapitishwa katika kompyuta, na wizi utakwisha. Vijana wetu wanaamini. Wazee wanacheka tu. Sisi tunataka kusema namna tunavyoliona jambo hili, kwa sababu tumefuata kidogo habari za inchi zilizojaribu, na kwa sababu sisi wenyewe tuliketi katika halmashauri ndogo ya kununua manjanja.

Kwanza tueleze ilivyo kanuni. Serikali nyingi zilijua hatari hii tangu zamani, zikatafuta dawa yake: kushindanisha wauzaji. Ofisi inatangaza kitu inachokitaka. Wauzaji wanaleta bei zao katika bahasha zilizofungwa. Siku moja, saa moja, bahasha zinafunguliwa mbele ya wote, na bei zinasomwa kwa sauti. Kwetu Kongo sheria ya masoko haya ilikuwa ile ya tarehe 5 Desemba 1969, ikadumu miaka zaidi ya 40. Sheria mpya ilitolewa tarehe 27 Aprili 2010. Inasema wazi kwamba njia ya kawaida ni mwito kwa wauzaji wote. Kupatana na muuzaji mmoja tu pasipo shindano, ndiyo gré à gré, ni njia ya pekee, tena inataka sababu na ruhusa. Sheria hiyo iligawanya kazi pia, ili mkono mmoja usishike kisu na nyama. Katika kila ofisi inayonunua kuna kikundi cha kuandaa masoko. Kuna ofisi nyingine ya kuchungua mapema, inaitwa DGCMP. Na kuna mamlaka ya kusimamia mambo yote na kusikiliza malalamiko, ndiyo ARMP. Hatuna neno juu ya sheria hiyo. Ni nzuri.

Lakini bahasha ina siri zake, na wenye ujanja wanazijua kama mvuvi anavyojua maji. Tangazo linabandikwa ndani ya ofisi, nyuma ya mlango, siku mbili tu. Au kitu kinachotakiwa kinaelezwa kwa namna ambayo muuzaji mmoja tu anacho: gari lenye urefu huu, lenye tangi ya mafuta ya kipimo hiki, na taa za namna hii. Mwenye akili akisoma anaona kwamba walikwenda kwanza kulipima gari la rafiki yao, kisha wakaandika. Au bahasha ya mgeni inasemekana imechelewa dakika kumi. Au wauzaji watatu wanaoshindana ni mtu, shemeji yake na mtoto wa dada yake, na jioni wanakula pamoja.

Hili la mwisho tuliliona kwa macho yetu. Miaka michache iliyopita upepo mkali uling'oa paa la kalasi mbili za masomo ya kwetu. Wazazi walichanga, na msaada kidogo ukatoka nje. Watoto walikuwa wanasomea chini ya mti, na mvua ya Septemba haimngoji mtu. Tuliwekwa watu watano katika halmashauri ya kununua manjanja 140, misumari na mbao. Kanuni ilikuwa kupata karatasi tatu za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Mtu aliyetumwa mjini alirudi siku ya pili na karatasi zake tatu, zote safi, zina mihuri mitatu ya rangi mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa na bei ya juu, ya pili ya juu zaidi, ya tatu chini kidogo ya ya kwanza. Basi ilionekana kwamba kazi imekwisha: tuchague ya tatu.

Katika halmashauri ile alikuwamo mama mmoja anayeuza misumari, chumvi na sabuni kwenye soko la mlimani. Hakupita kalasi ya nne. Alizipeleka karatasi karibu na dirisha, akazitazama moja moja, akasema: «Baba, hawa watu watatu walifundishwa na mwalimu mmoja.» Kumbe katika karatasi zote tatu neno moja la Kifaransa lilikuwa limekosewa kwa herufi ile ile! Kisha akaongeza: «Kilo ya misumari ya manjanja ninaiuza hapa juu, nikiisha kulipa gari na kupata faida yangu. Hawa wa mjini wanaiuza mara mbili ya bei yangu. Gari lao linapita wapi?» Watu walicheka, isipokuwa mmoja.

Hatukumshtaki mtu. Tuliandika bei zile tatu kwa chaki kwenye ubao, kitu kwa kitu, tukausimamisha ubao nje siku ya Jumapili watu walipotoka kanisani. Siku mbili baadaye muuzaji ambaye hakuitwa alikuja mwenyewe na bei yake. Akafuatwa na mwingine. Tulinunua kwa bei iliyopungua karibu theluthi moja, na feza iliyobaki ilitosha kununua madawati kumi na mawili. Yule aliyetumwa mjini hatusalimii mpaka leo, na jamaa yake vilevile. Tunakutana njiani kila juma. Kuonyesha bei kuna gharama yake, na wanaosifu mwangaza mara nyingi wanasahau kuitaja.

Tuliukumbuka ubao ule tuliposoma habari za Ukraine. Pengine mtu atauliza: Ukraine inatuhusu nini, sisi watu wa Kongo? Inatuhusu kwa sababu ni inchi yenye ardhi tajiri ambayo watu wake walilalamika miaka mingi juu ya wizi wa wakubwa, kama sisi. Mwezi wa Februari 2014, baada ya maandamano ya miezi katika uwanja wa Maidan mjini Kyiv, Rais Viktor Yanukovych alikimbia. Watu walipoingia katika makao yake huko Mezhyhirya walikuta karatasi nyingi zimetupwa majini. Wapiga mbizi walizitoa, waandishi wa magazeti wakazianika ukurasa kwa ukurasa kama nguo zilizofuliwa, wakazipiga picha na kuziweka katika intaneti ili wote wazisome. Zilikuwamo hesabu: nani alilipwa, kiasi gani, kwa kazi gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo tunaona kwamba hata walioficha mali walikuwa na daftari. Walichokiogopa ni daftari kusomwa na wengine.

Mwaka ule ule watu kadhaa wa biashara na wa kompyuta walijitolea kutengeneza njia mpya ya manunuzi ya serikali. Waliiita ProZorro, kutokana na neno la kwao lenye maana ya kitu kinachopenya macho, kama kioo. Walianza kuijaribu mwezi wa Februari 2015, na tangu tarehe 1 Agosti 2016 ofisi zote za serikali zilipaswa kununua kwa njia hiyo, isipokuwa manunuzi madogo. Neno lao kubwa lilikuwa: wote wanaona vyote.

Kazi yake ni hivi. Hospitali inataka kununua, tuseme, magodoro. Inaandika mahitaji yake katika kompyuta, na tangazo linaonekana katika inchi nzima saa ile ile. Hakuna mlango wa kulificha nyuma yake. Wauzaji wanaweka bei zao. Kisha mnada unafanyika ndani ya mashini, lakini si mnada tunaoujua. Mnada wetu unapanda; huu unashuka. Mara tatu kila muuzaji anapewa nafasi ya kupunguza bei yake, akiona bei za wenzake lakini bila kuona majina yao, na watu wote wanaweza kutazama. Mnada ukiisha, majina yanafunuliwa, na karatasi zote zinafunguliwa: za aliyeshinda na za walioshindwa pia. Hilo la walioshindwa ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Aliyeshindwa ndiye mwenye uchungu, na mwenye uchungu anasoma kwa makini kuliko mkaguzi anayelipwa mshahara. Mwaka 2016 iliongezwa nyumba ya pili, Dozorro, ambamo raia yeyote anaweza kulitaja soko moja na kusema: hapa pananuka.

Je, wizi ulikwisha? Haukwisha. Ulitafuta njia za pembeni, kama maji yanavyofanya mtu akiziba mfereji. Kwa kuwa manunuzi madogo yaliachwa nje, na kipimo cha vitu kilikuwa hryvnia 200,000, ndiyo feza ya kule, mkubwa aliyetaka kumpa rafiki yake soko aliweza kuikata kazi moja vipande vipande, kila kimoja chini ya kipimo. Na ule ujanja wa kulipima gari la rafiki kwanza, mashini haiuoni hata kidogo. Mashini inaandika lile unaloiambia. Ukiiambia kwamba unataka meza yenye miguu mitano, itatangaza meza ya miguu mitano, bila kuuliza mguu wa tano ni wa nini.

Kisha vita vikaja, tarehe 24 Februari 2022. Manunuzi ya jeshi yalifichwa, na sababu yenyewe ni ya haki: adui asijue mahali askari walipo wala wingi wao. Lakini pamoja na risasi walificha pia viazi. Mwezi wa Januari 2023 mwandishi mmoja wa magazeti, Yuriy Nikolov, alitoa mapatano ya Wizara ya Ulinzi ya kununua chakula cha askari. Ndani yake yai moja liliandikwa hryvnia 17. Katika maduka ya Kyiv yai lilikuwa karibu hryvnia 7. Wizara ilisema kwanza kwamba ni kosa la kuandika. Watu hawakukubali. Siku chache tu baada ya habari ile naibu waziri, Viacheslav Shapovalov, aliondoka kazini, na mwezi wa Februari bunge likapitisha sheria ya kuitaka wizara itangaze bei ya kitu kimoja kimoja katika manunuzi kama hayo. Mwezi wa Septemba waziri mwenyewe akabadilishwa.

Tunapenda kukaa kidogo juu ya yai hili, maana ndani yake mna fundisho zima. Inchi ile ilikuwa vitani. Ilikuwa inanunua mizinga, magari ya chuma, vyombo vya kuruka, vitu vya bei ambayo hakuna raia anayeijua. Pengine na hapo pana wizi, nani atasema? Lakini yai! Kila mama wa Kyiv anajua bei ya yai. Bibi asiyejua kompyuta anaijua. Ndiyo sababu serikali kubwa, yenye majenerali na mawaziri, ilitikiswa na yai, kama halmashauri yetu ilivyotikiswa na kilo ya misumari. Kompyuta haikumshika mtu. Jicho linalojua bei ndilo lililoshika. Kompyuta inasaidia tu kwa kulileta daftari mbele ya jicho hilo, na pale ilipofunikwa kwa nguo, bei ilipanda zaidi ya mara mbili.

Sasa ninyi mnaosifu mashini, tuwaulize swali jingine. Kompyuta hizo zenyewe, nani anazinunua? Na wataalamu wanaozitengenezea programu, bei yao inajulikana na nani? Mama yetu wa misumari hawezi kusaidia hapo. Mahali ambapo watu wachache tu wanajua bei, hapo ndipo mla rushwa anapenda kujenga nyumba yake. Katika kila mpango wa kuziba wizi kwa mashini, mashini ndiyo soko la kwanza, na linataka kuchunguzwa na watu wa kazi hiyo ambao hawana mkono ndani yake.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya ufunguo. Jirani zetu wa Kenya walikuwa tayari na mashini ya hesabu za serikali, inaitwa IFMIS. Hata hivyo mwaka 2015 ilifunuliwa kwamba shilingi milioni 791 zimeibwa katika Huduma ya Taifa ya Vijana, NYS. Namna gani? Katika mashini kila mkubwa ana neno lake la siri, na neno hilo ni kama sahihi yake. Katika shauri lile mmoja wa wakubwa alisema neno lake la siri liliibwa, likatumiwa na wengine kuruhusu malipo. Hatutaki kuhukumu. Tunasema tu kwamba tunafahamu ofisi, na ninyi mnazifahamu. Mkubwa amechoka, hapendi kukaa mbele ya kioo, anamwandikia karani neno la siri kwenye kipande cha karatasi, karatasi inabandikwa chini ya meza. Zamani ilikuwa muhuri: ulikaa katika mfuko wa karani, na karani alikuwa mfalme. Muhuri umekuwa neno, na mfuko ni ule ule.

Tena kuna jambo ambalo hakuna mashini inayoliona kwa mbali: kitu kilichofika. Baada ya kupata bei nzuri ya manjanja, mzigo ulipanda mlima kwa gari, na karatasi ya mzigo ilisema BG 28. Wanaojenga wanajua: namba ikiongezeka, janja linakuwa jembamba. Seremala wetu alilishika janja moja kwa vidole viwili, akalitikisa karibu na sikio, akasema hili ni BG 32. Bei ilikuwa sawa, idadi ilikuwa sawa, muhuri ulikuwa sawa. Kama mambo hayo yote yangaliwekwa katika kompyuta ya Kinshasa, yangaonekana safi kama maziwa. Tuliurudisha mzigo. Muuzaji alikasirika, akasema gari lilikosea njia. Mzigo wa pili ulikuwa wa kweli, na paa lile bado lipo.

Kwetu Kongo tulipata yai letu mwaka 2024. Watu walisikia habari za mapatano ya mwaka 2021 ya kujenga vituo 1,000 vya maji mahali mbalimbali katika inchi, kwa bei ya karibu dola milioni 400. Shirika la raia linalochungua matumizi ya feza ya serikali, ODEP, lilipiga kelele. Hesabu yake inafanyika hata na mtoto: karibu dola 400,000 kwa kituo kimoja. Waliotetea mapatano walieleza kwamba si kisima tu, ni kituo cha kusafisha maji chenye vyombo vyake. Yawezekana, kituo na kisima si kitu kimoja, na mtu wa haki anasikiliza pande zote mbili. Shauri lilifika kwa waendesha mashtaka. Lakini tazameni kilichotokea kabla ya mwendesha mashtaka. Katika parokia nyingi kuna kisima kilichochimbwa na misioni, na shirika la msaada, au na wanakijiji wenyewe. Kila mahali mtu mmoja alisema: cha kwetu kiligharimu kiasi hiki. Katika barabara za Kinshasa, Lubumbashi na Goma watu walikuwa wanalinganisha visima kama wanavyolinganisha bei ya unga. Kwa muda wa majuma machache inchi nzima ilikuwa halmashauri ya manunuzi. Hatujaona jambo kama hilo mara nyingi.

Kuna uchungu ndani yake vilevile. Mapatano yalikuwa ya mwaka 2021, na watu walio wengi waliyasikia mwaka 2024. Miaka mitatu katikati! Ubao wetu ulisimama nje siku ya Jumapili kabla hatujatoa hata franka moja, kwa hiyo muuzaji mwingine aliweza kuja. Bei ikitangazwa baada ya feza kutoka, linalobaki ni mashtaka, mawakili na magazeti; na kijiji kinaendelea kuchota maji mtoni. Hapo ndipo sisi tunaona faida kubwa ya kompyuta, kuliko faida zote zinazosemwa: wakati. Inaweza kuionyesha bei siku ile ile inapotajwa, kwa mtu wa Kinshasa na kwa mtu wa Kalemie pamoja. Anayetupatia kompyuta lakini anatangaza baada ya kulipa, ametupatia kabati jipya tu.

Wengine wanasema, watu wa vijijini hawana umeme wala telefoni ya intaneti, kwa hiyo mwangaza huo ni wa watu wa mjini. Ni kweli nusu. Mama yetu wa misumari ana telefoni ndogo ya kuitia watu tu, isiyofungua kitu kingine. Lakini hakuhitaji kompyuta; alihitaji karatasi tatu na dirisha. Kijana mmoja mwenye telefoni kubwa katika sekta nzima anatosha kuteremsha bei, akaiandika kwa mkono, akaibandika kwenye mlango wa ofisi, wa zahanati, au wa kanisa kama padri anakubali. Tangu zamani tunabandika matangazo ya ndoa mlangoni kwa juma tatu, ili anayejua kizuizi aseme. Hakuna aliyewahi kusema kwamba jambo hilo ni gumu kwa watu wa vijijini.

Kitu kigumu ni kingine. Ni kuuliza. Kwetu mtu akimwuliza mkubwa bei ya daraja, anaonekana kama anamtukana. «Wewe ni nani? Nani alikutuma?» Na wengi wetu tunaogopa, si bure. Mwenye kuuliza anaweza kunyimwa karatasi yake, mtoto wake anaweza kukosa kazi. Kwa hiyo tunafikiri ni afadhali kuuliza wengi pamoja na kwa maandishi, kama halmashauri ya wazazi, chama cha wakulima au baraza la mtaa, kuliko mtu mmoja kusimama peke yake na kuitwa adui. Maswali yenyewe ni mafupi: nani amepewa kazi hii, kwa bei gani, walioshindana naye ni nani, na nani atapokea kazi ikiisha. Tukiongeza la seremala: nani atalishika janja kwa vidole viwili.

Mahali kazi ya serikali inapofanyika, mara nyingi pana kibao kando ya barabara. Kwenye njia yetu kimesimama kimoja, cha daraja dogo. Kina jina la kazi, jina la anayelipa, jina la mjenzi na hesabu ya miezi. Bei haimo. Mwezi uliopita halmashauri yetu iliandika barua kuiuliza, watu kumi na mmoja tukatia sahihi, na yule mama wa misumari akatia yake ya kwanza, kwa herufi kubwa. Barua ilipokewa, tukapewa nakala yenye muhuri. Jibu bado.